Picha Isiyo na Mtu

Siku ya tatu bila feni, mke wa Bwana Faili aliacha kulalamika, akaanza kutishia. Alisimama kwenye mlango wa sebule, utepe wa kupimia nguo ukiwa shingoni, kidole kikiwa juu ya swichi.

"Baba watoto, nahesabu mpaka tano."

"Usiguse," mumewe alisema bila kuinua kichwa. "Ukiwasha hiyo feni umenizika."

"Huko kaburini angalau kuna ubaridi."

Mumewe alikuwa ameinama juu ya meza ya kulia chakula, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, anahamisha kipande cha karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. Akakitazama. Akakirudisha kushoto. Meza nzima ilikuwa imefunikwa vipande vya namna hiyo, kila kimoja kikubwa kama kiganja, vimegeuka rangi ya chai nyepesi, na juu ya kila kimoja pamewekwa kifungo cha shati ili kisipeperuke. Vifungo vilikuwa vya mkewe. Kwa haki, hata meza ilikuwa ya mkewe: yeye ni fundi wa nguo, na hapo ndipo hukatia vitambaa. Tangu Jumanne alikuwa akikata sare za kwaya juu ya kitanda, amepiga magoti, na mgongo ulikuwa umeanza kumsema.

"Kwaya ina watu ishirini na wawili," alisema. "Kila shati vifungo saba. Unataka waimbe vifua wazi?"

"Jumamosi nitakurudishia."

"Umewekea kadi?"

Hapo Bwana Faili aliinua kichwa. Mkewe alikuwa amemgusa penyewe.

Jina la Bwana Faili alipewa kazini, na aliyempa hakukusudia kumsifu. Ni karani mkuu wa masijala katika ofisi ya ardhi, chumba kirefu chenye rafu za chuma na dirisha moja, na kwa miaka thelathini na minne hakuna jalada lililotoka kwenye rafu hizo bila kadi kuachwa mahali pake. Kadi ina mistari minne: kilichotoka, aliyekichukua, tarehe, sababu. Mstari wa nne aliuongeza yeye mwenyewe, baada ya kugundua kwamba watu wengi huchukua mafaili kwa sababu tu wenzao wanayo. Siku moja mkurugenzi alikuja kwa miguu yake, akaandika kwenye mstari huo, "Nataka kuliona." Bwana Faili akamrudishia kadi kwa heshima zote, akasema kutaka si sababu. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wageni dakika kumi akitafuta sababu.

Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Wengine hustaafu na nyumba ya ghorofa, wengine na kisukari. Yeye alitarajia kustaafu na sentensi moja: huyu hajawahi kupoteza karatasi. Sentensi hiyo ilikuwa na adui mmoja tu chini ya jua, naye alikuwa anakuja Jumamosi.

Adui ni mdogo wake wa kuzaliwa, mkunga aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kuwaambia watu wasukume. Anaishi mbali na huja mara moja kwa mwaka, na kila akipiga simu, baada ya salamu na habari za magoti, huuliza swali lilelile: "Gazeti langu je?" Na kwa miaka arobaini na saba kaka yake amejibu vilevile: "Lipo, nimelihifadhi. Ila bado sijapanga." Watoto wa familia, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, humwita mjomba wao Bado-Sijapanga kwa siri. Siri yenyewe anaijua.

Mwezi uliopita mkunga alipiga simu akiwa na habari kwamba atapita kwao akitoka kumtazama binti yake.

"Na safari hii, kaka, siji kunywa chai. Nakuja kusoma. Umri wangu huu, sina tena nafasi ya 'bado sijapanga'. Mimi nimezalisha watoto sijui elfu ngapi, wengine wametanguliza miguu, na wewe umeshindwa kutoa gazeti moja?"

"Utalikuta mezani," alisema Bwana Faili, kwa hasira ya mtu aliyeguswa kazi yake. "Sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini. Zimepangwa."

Alipokata simu ndipo alipojua alichoahidi. Lakini alijituliza. Bahasha tano zilikuwa juu ya kabati, pale pale alipoziweka walipohamia nyumba hii. Ilikuwa kazi ya jioni moja.

*

Ili kuelewa kwa nini haikuwa kazi ya jioni moja, lazima turudi kwenye kibanda cha kinyozi.

Baba yao alikuwa kinyozi, na kila juma alinunua gazeti la katuni kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Jumamosi jioni, wateja walipokwisha kulipekua, gazeti lilikuja nyumbani likiwa limejaa nywele. Watoto wawili walikaa kwenye ngazi ya jikoni, wakalikung'uta, wakasoma. Kaka alianza mbele kwenye picha. Dada alianza nyuma, kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kwa imani yake kwamba watu wa kweli wanachekesha kuliko wa kuchorwa. Waligombana kila juma, kwa sababu gazeti haliwezi kusomwa kutoka pande mbili na watu wawili bila mmoja wao kuinamisha shingo kama kuku anayetafuta punje.

Gazeti lilikuwa na mashujaa watano. Bi Darubini, mpelelezi aliyeona mbali lakini hakuona kilicho mbele ya pua yake. Pande la Mtu, mbeba mizigo mwenye nguvu za ng'ombe na akili za mlango. Rubani Chongo. Mlinzi Machomacho, aliyelala macho wazi. Na Daktari Kombo, ambaye dawa zake zote zilifanya kazi kinyume. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake. Kilichompendeza kaka, akiwa na miaka kumi, si vituko vyao hasa. Ni kwamba walikuwa watano na kila mmoja alikuwa na mahali pake. Alichukua mkasi, akakata, akapata bahasha tano kubwa, akaandika jina juu ya kila moja. Baba akamsifu mbele ya wateja. Sifa hiyo, ukitaka kujua, ndiyo iliyomfikisha masijala.

Kisha mwaka mmoja wenye gazeti wakafanya kosa. Ndivyo anavyoliita mpaka leo: kosa. Waliwakusanya mashujaa wote watano ndani ya hadithi moja ndefu, "Mlima Uliopoteza Kivuli," ukurasa mzima kila juma, picha nane kwa ukurasa, kwa majuma arobaini. Mlima unaamka asubuhi hauna kivuli, watu wa bondeni wanaungua, na mashujaa watano wasiopatana hata kwa salamu wanatumwa kumtafuta mwizi. Watoto wa mtaa mzima walipata wazimu. Wengine walisubiri nje ya kibanda cha kinyozi wakijifanya wanataka kunyolewa.

Kaka alikosa usingizi. Bi Darubini na Pande la Mtu ndani ya picha moja! Waende bahasha ipi?

Kwa kuwa hakuwa mtoto wa kushindwa, alitunga kanuni. Alikata kila ukurasa ukawa picha moja moja. Picha yenye shujaa mmoja, bahasha yake. Yenye wawili, bahasha ya anayesema kwanza. Kama hakuna anayesema, ya aliye mbele. Kama wote wako mbele, ya aliyeachama mdomo. Kichwa cha kila sehemu, pamoja na namba yake, alikikata akakigandisha kwenye daftari alilolipa jina la Orodha, kimoja mpaka arobaini, kwa mstari ulionyooka kama mstari wa jeshi. Daftari hilo bado analo. Ukilifungua unaona sehemu arobaini zote ziko, na huwezi kujua hata moja ilikuwa na nini.

Dada yake hakuyaona hayo yote. Hadithi ilipofika sehemu ya kumi na tisa alichukuliwa na shangazi yao, ambaye hakujaliwa mtoto na nyumba yake ilikuwa jirani na shule nzuri. Kwa shangazi, magazeti ya katuni yalikuwa ya wahuni. Asubuhi ya kuondoka, akiwa na miaka tisa na sanduku kubwa kuliko yeye, alimshika kaka yake mkono.

"Usitupe hata moja. Nitazisoma zote nikirudi."

"Naapa."

Aliporudi likizo mwaka uliofuata, akaziomba. Kaka akatazama bahasha zake tano, akaona aibu asiyoweza kuieleza, akasema: "Bado sijapanga."

*

Sasa, Alhamisi, akiwa na miaka hamsini na tisa, Bwana Faili alikuwa likizo. Ofisini hawakuamini, mhudumu aliuliza kama kuna msiba. Jumanne jioni alikuwa amefungua bahasha kwa mbwembwe, akihesabu kwa sauti. Alipaswa kuwa na picha mia tatu na ishirini. Alihesabu mia mbili tisini na saba. Akahesabu tena. Akahesabu kuanzia upande wa pili, kana kwamba huko zilikuwa zimejificha.

"Zimepungua ishirini na tatu," alimwambia mkewe.

"Kwa nini?"

"Sijui."

Lilikuwa neno geni kinywani mwake, na mkewe kwa huruma hakulirudia.

Jumatano alianza kuzipanga kwa akili. Rubani Chongo ana ndege. Baadaye ndege imeungua. Basi zenye ndege zitangulie. Daktari Kombo ana bendeji mkononi, sasa hana, je, bado hajaumia au amepona? Kofia ya Bi Darubini ilikuwa na manyoya matatu, kisha mawili, kisha matatu tena. Mchoraji alikuwa mzembe, hilo halikuwa na ubishi.

"Huyu mtu alilipwa kwa kazi hii?" alipiga kelele. "Manyoya yanaota upya kwenye kofia?"

Lakini aliyemtesa zaidi ni Pande la Mtu. Kulikuwa na picha tatu zilizo wazi kabisa: Pande anateleza, Pande anaanguka korongoni, wenzake wanavua kofia na kulia. Amekufa. Basi, kwa mantiki, kila picha ya Pande aliye hai ilipaswa kukaa kabla ya korongo. Bwana Faili alizikusanya zote, sabini na moja, akazihamishia mbele. Ikatokea kwamba katika nyingi ya hizo ndege ilikuwa imekwisha kuungua, na ndege iliungua baada ya msiba, maana kwenye picha za kilio ilionekana kwa nyuma, nzima. Akazirudisha. Akazihamisha tena. Mchana wa Alhamisi, mkewe alimsikia akimwambia Pande la Mtu, kwa sauti ya chini na ya kuchoka: "Kufa basi, ndugu yangu. Ukifa, ufe."

Hata hivyo, jioni hiyo akipeleka sahani mezani kwa mazoea, kisha akikumbuka kwamba meza haipo, mkewe alimkuta anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Nini?"

"Tazama Machomacho." Alikuwa ameshika picha ya mlinzi aliyesimama wima kwenye lango la mwizi, macho yametoka kama taa za gari, na nyuma yake wenzake wanne wanapitisha ngazi, kamba, na mbuzi. "Amelala. Mbuzi anamlamba sikio, na amelala." Akapangusa macho. "Nilikuwa nimemsahau kabisa huyu mpumbavu."

Kisha akakunja uso, akamwekea Machomacho kifungo, akaendelea kuteseka.

Ijumaa saa nne asubuhi mkewe alifika mwisho wa subira. Mtu wa kwaya alikuwa amepiga simu mara mbili.

"Baba watoto, ondoka hapo."

"Nimebakiza kidogo."

"Ulibakiza kidogo tangu Jumatano. Ondoka." Akavuta kiti, akakaa, akachukua vipande viwili, na kabla mumewe hajapata sauti, akavipindua kifudifudi.

"Unafanya nini! Huko nyuma ni takataka, barua tu."

"Mume wangu, mimi nikichanganyikiwa na vipande vya gauni la maua, sikai nikibishana na maua. Napindua. Upande wa ndani hauna maua, unaonyesha uzi ulivyolala." Akaviegemeza vipande ubavu kwa ubavu. Nyuma ya kimoja mstari ulisema *ninaomba mnieleze ni kwa nini mbwa wa*. Cha pili kikaendelea: *jirani yangu anafanana na*. Akavibana pamoja. "Hii mistari haijui nani kafa na nani kafufuka. Inaendelea tu."

Bwana Faili alisimama na kifungo mkononi. Alikasirika kwanza kwamba hakuwaza yeye. Kisha akakasirika kwamba alikuwa amepoteza siku tatu. Halafu akavuta kiti cha pili.

Walipindua zote. Mkewe aliunganisha kwa jicho la fundi: alitambua hata kwamba mkasi ulikuwa na pengo karibu na ncha, kwa kuwa kila mkato mrefu uliacha kijino kidogo, na vijino viwili vikikutana vilishikana kama vishikizo. Bwana Faili alifuata mistari. Hakusoma barua, aliangalia tu kama neno la mwisho la kipande hiki linakubaliana na la kwanza la kile, kama anavyokagua kurasa za jalada bila kujali nani anamshitaki nani. Nywele fupi nyeusi, za vichwa vya watu waliokwisha kufa au kupata upara, zilidondoka mezani.

Kufikia alasiri walikuwa na kurasa arobaini, na vijino vya vichwa vilivyomo kwenye Orodha vikawaonyesha kila ukurasa ni sehemu ya ngapi. Kila ukurasa uligandishwa kando kwa kando kwa vipande vyembamba vya karatasi ya kukatia ruwaza za nguo, pande zote mbili zisomeke. Na katika kurasa hizo kulikuwa na matundu ishirini na matatu.

Pande la Mtu, ikabainika, alikufa sehemu ya kumi na sita. Sehemu ya kumi na nane alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa. Hakuna aliyeuliza.

"Kumbe mzembe ni mwenye hadithi," mkewe alisema. "Wewe ulikuwa unampangia mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyapanga."

Lakini Bwana Faili hakumsikia. Alikuwa anatazama matundu. Kando ya tundu moja, mashujaa wanaitazama barabara tupu. Kando ya lingine, Chongo ananyoosha kidole kuelekea mbingu zilizo wazi. Tundu la mwisho lilikuwa pembeni chini, sehemu ya arobaini, picha ya nane, picha ya kufungia hadithi yote. Katika picha ya saba mashujaa watano wamegeuka, wanatazama nyuma yao, mlimani. Kisha hakuna kitu. Tundu la mraba, na meza inaonekana ndani yake.

Ikamjia polepole, kama harufu. Mtoto wa miaka kumi na miwili kwenye ngazi ya jikoni, bahasha tano mbele yake, mkononi ana picha ya mlima. Mlima tu. Hakuna anayesema, hakuna aliye mbele, hakuna aliyeachama mdomo. Haina bahasha. Na kapu la nywele za kinyozi liko karibu.

"Mama watoto," alisema. "Hazikupotea. Nilizitupa."

*

Mkunga aliingia Jumamosi saa tatu na nusu, akatua mkoba, akakumbatia wifi yake, akashika kiuno.

"Wifi, mbona mmejifungia kama mnabanika dagaa? Hakuna feni humu?"

"Muulize kaka yako."

Kaka yake alikuwa amesimama karibu na meza akiwa amevaa shati la kazini. Kurasa arobaini zilikuwa zimepangwa kwa bunda moja, kingo sawasawa. Mkunga aliziona, akanyamaza. Watu waliomfahamu walijua hilo si jambo la kila siku.

"Umepanga," alisema.

"Nimepanga. Lakini, mdogo wangu, kuna jambo..."

"Subiri. Usiniharibie." Akavaa miwani, akakaa, akanawa mikono kwa hewa kama anayejiandaa kupokea mtoto. Kisha akachukua bunda zima, akalipindua kifudifudi.

"Hadithi iko upande ule," alisema kaka yake.

"Naijua iliko. Mimi naanzia nyuma. Umesahau hata hilo?"

Na kwa kuwa bunda lilikuwa limepinduliwa, ukurasa uliokuwa juu ulikuwa nyuma ya sehemu ya arobaini. Kichwa kilisema: *Barua Zenu Kuhusu Mlima Uliopoteza Kivuli.* Mkunga alisoma ya kwanza, akacheka. Akasoma ya pili, akasonya. Alipofika chini ya safu ya kushoto, akaacha kutikisa mguu.

"Kaka. Hii umeisoma?"

"Mimi sisomi nyuma."

Akamsomea, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kuwaambia watu wasukume:

"*Mhariri. Pande la Mtu alikufa sehemu ya kumi na sita. Niliona kwa macho yangu na nililia. Sehemu ya kumi na nane anakula muwa. Kama kufa kwake ni uongo, mnirudishie machozi yangu. Kaka yangu anasema nisiulize, lakini yeye anajali bahasha tu. Naomba jibu. Ni mimi, Msomaji Mwenye Hasira, darasa la tatu.*"

Nje, muuza vyombo alipita akigonga sufuria.

"Niliiandikia kwa shangazi," mkunga alisema. "Stempu niliibandua kwenye barua yake, nikaibandika kwa ute wa yai. Siku zote nilijua haikufika." Akageuza uso kwa kaka yake. "Ilifika. Waliichapisha. Umekaa nayo juu ya kabati miaka arobaini na saba."

"Sikujua."

"Ndiyo, hukujua! Ungejuaje, na wewe husomi, unapanga tu!" Akarudi kwenye ukurasa, kidole kikishuka. "Na wamenijibu. Tazama, wamenijibu. *Msomaji wetu Mwenye Hasira, pole kwa machozi. Jibu ni rahisi. Pande la Mtu hakufa, kwa sababu*..."

Kidole kiliingia tunduni.

Alikitazama kidole chake kikigusa mbao ya meza. Akaupindua ukurasa, akaona mbele mashujaa watano wakitazama mahali pasipo na kitu. Akaurudisha.

"Kwa sababu nini?"

Bwana Faili aliinyoosha pembe ya ukurasa iliyokuwa tayari imenyooka.

"Kaka, nimekuuliza. Kwa sababu nini?"

"Haikuwa na mtu," alisema. "Ile picha. Ilikuwa mlima peke yake. Nilikuwa na bahasha tano, na yenyewe haikuwa ya mtu yeyote, basi nika... Zote ishirini na tatu zilikuwa hivyo. Nilizitupa kwenye kapu la nywele. Niliapa mbele yako na nilizitupa, na nikasahau kwamba nilizitupa, na miaka yote hii nimekwambia lipo."

Mkewe aliutoa utepe shingoni, akauzungusha kwenye vidole, akaurudisha shingoni.

"Wifi," mkunga alisema hatimaye, "huyu ndiye anayeitwa hajapoteza karatasi?"

"Ndiye huyo."

"Na ndiye aliyemkalisha mkurugenzi dakika kumi?"

"Kumi kamili."

"Leta kadi," mkunga akamwambia kaka yake.

"Kadi gani?"

"Usijitie ujinga. Kadi zako. Najua unazo hapa nyumbani, huwezi kulala bila kuwa nazo karibu."

Alikuwa nazo, kwenye mfuko wa shati. Akatoa moja, ya rangi ya udongo, mistari minne. Akaiweka juu ya tundu. Ilizidi kidogo, akachukua mkasi wa mkewe, akaipunguza. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, herufi zimesimama wima. Kilichotoka: picha ya nane, sehemu ya arobaini, pamoja na jibu la mhariri. Aliyekichukua: akaandika majina yake yote matatu. Tarehe: hakuikumbuka siku, akaandika mwaka, na pembeni, "Jumamosi."

Alipofika mstari wa nne akainua kalamu.

"Andika," dada yake alisema. "Na usiniandikie kwamba ulitaka. Kutaka si sababu."

Alikaa. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mkewe, ambaye kwa siku nne alikuwa amemwombea balaa dogo, sasa alitamani kumsaidia, lakini hakuona pa kushika. Dakika zilipita, karibu zile za mkurugenzi. Mwishoni akaandika maneno matatu, akasukuma kadi.

*Nilitazama watu tu.*

Mkunga aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Hakusema kama imetosha. Alichovya ncha ya kidole kwenye gundi iliyobaki ya jana, akazipaka pembe nne za kadi, akaibandika tunduni, akaikandamiza kwa kiganja, muda mrefu, kama anavyokandamiza tumbo la mzazi damu ikatike.

"Bado nimekasirika," alisema. "Ujue hivyo. Nitakaa na hasira hii mpaka kesho jioni ninapoondoka, na kwenye simu nitaendelea."

"Najua."

"Wifi, hivi vitu si vimegandishwa?"

"Vimegandishwa."

"Basi washa feni, tafadhali, kabla hatujaiva."

Feni ikazunguka. Kurasa zikatikisika kando, zikatulia. Mkewe akaanza kuokota vifungo vyake kimoja baada ya kingine, akivihesabu kwa ajili ya kwaya. Mkunga akaligeuza bunda, akaitafuta sehemu ya kwanza, akaweka viwiko mezani. Kaka yake akavuta kiti taratibu, akakaa ubavuni pake, akainamisha shingo ili aone.

"Usinipumulie," alisema mkunga. Kisha, bila kuinua macho: "Na asinisimulie mtu mwisho."